Kuziba Tundu la Usalama katika Mfumo wa Takwimu za Afya: Ushauri kwa Zoni za Kasongo na Kabambare

Kusini mwa jimbo la Maniema, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuna desturi ya miaka mingi ya kuandika na kuhesabu habari za afya kwa uangalifu. Katika miaka ya 1970 Mradi wa Kasongo, ulioungwa mkono na Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp nchini Ubelgiji, ulipanga vituo vya afya kuizunguka hospitali moja ya rufaa na kutunza kumbukumbu ambazo ziliweza kutegemewa kwa utafiti, na mwaka 1981 jarida la The Lancet likachapisha matokeo ya timu hiyo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wenye umri wa miezi 7 hadi 35 huko Kasongo. Mpangilio huo ulikuwa miongoni mwa mifano iliyofuatwa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilipoigawanya nchi yote katika zoni za afya, yaani maeneo ambayo kila moja lina hospitali yake, vituo vyake na ofisi yake kuu chini ya mganga mkuu. Kwa hiyo, linapozungumzwa suala la kulinda takwimu za afya katika eneo hili, linalozungumzwa ni hifadhi ya kazi ambayo wauguzi wa Kasongo waliianza kwa kalamu na daftari, zamani sana kabla ya kompyuta kufika.

Leo zoni sita za eneo hilo, Kasongo, Kunda na Samba kwa upande mmoja, Kabambare, Lusangi na Saramabila kwa upande mwingine, hutuma takwimu zao katika Mfumo wa Taifa wa Taarifa za Afya, unaojulikana zaidi kwa kifupisho chake cha Kifaransa, SNIS. Mfumo huo unatumia programu iitwayo DHIS2, ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, mara baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi, na ambayo sasa inatengenezwa na kituo cha HISP (Mpango wa Mifumo ya Taarifa za Afya) cha Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwe. Kenya iliieneza nchi nzima kwa njia ya mtandao mwaka 2011, na nchi nyingine nyingi za Afrika zikafuata. Ni programu yenye kiolesura cha wavuti: mtumiaji hahitaji kuweka chochote kwenye kompyuta yake isipokuwa kivinjari cha kawaida, kwa sababu kurasa anazoziona na hesabu anazozipata huandaliwa na kompyuta nyingine iliyo mbali, iitwayo seva, ambako pia kuna hifadhidata, yaani ghala lililopangwa la data zote. Urahisi huo ndio uliowezesha mtumishi wa Kabambare kujaza fomu ile ile inayojazwa Kinshasa, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200. Vilevile ndio unaofanya kosa moja katika msimbo wa programu kuzigusa zoni zote kwa pamoja.

Udhaifu wa kiusalama ni kosa katika programu linalomwezesha mtu kufanya jambo ambalo hakupewa ruhusa ya kulifanya, na kiraka ni sehemu ya msimbo iliyorekebishwa ambayo mtengenezaji huitoa ili kulifuta kosa hilo. Makosa yanayotambuliwa hadharani huorodheshwa duniani kote kwa namba zinazoanza na herufi CVE, zikifuatwa na mwaka na tarakimu za utambulisho, ili watu wa nchi mbalimbali wawe na hakika kwamba wanazungumzia tundu lile lile. Namba CVE-2022-24848, iliyotangazwa mwaka 2022, inaihusu DHIS2 yenyewe, na inastahili kuchunguzwa kwa karibu kwa kuwa inaonyesha wazi jinsi udhaifu wa aina hii unavyozaliwa, unavyozibwa, na mahali ambapo mtumishi wa zoni anaingia katika habari hiyo.

Kivinjari kinapohitaji kujua ni vituo gani vinashiriki katika programu fulani ya afya, kwa mfano ya kifua kikuu, kinaipelekea seva ombi katika anwani inayoishia na /api/programs/orgUnits?programs= na baada ya alama ya usawa kinaandika kitambulisho cha programu inayotakiwa. Katika DHIS2 kitambulisho hicho ni mfuatano wa herufi na tarakimu 11 unaoanza na herufi. Seva hukichukua na kukiingiza katika swali linaloandikwa kwa SQL, lugha ambayo programu hutumia kuiuliza hifadhidata. Kosa lilikuwa kwamba matoleo yenye udhaifu yaliyaunganisha maandishi ya mtumiaji na swali hilo bila kuyatenga, na hivyo mtu aliyeandika maneno ya SQL mahali palipotakiwa kitambulisho angeweza kuifanya hifadhidata iyatii maneno yake kama amri. Ni kama karani wa famasia ya kituo anayepokea karatasi ya dawa ambayo chini ya maandishi ya mganga mgonjwa ameongeza kwa mkono wake agizo la kufunguliwa stoo, naye karani, kwa kuwa yote yako kwenye karatasi moja, akatekeleza yote. Mbinu hii huitwa udungaji wa SQL, na mshambuliaji aliyefaulu katika tukio hili angeweza kusoma, kubadilisha na hata kufuta data. Tiba yake inajulikana: msimbo uliorekebishwa huipelekea hifadhidata swali peke yake na maandishi ya mtumiaji peke yake, ili maandishi hayo, hata yaweje, yasihesabiwe kuwa amri.

Tangazo la udhaifu huo lilikuwa na kipengele kimoja ambacho hakipaswi kupitwa kwa haraka: hakukuwa na njia iliyojulikana ya kulitumia tundu bila kwanza kuingia katika mfumo kama mtumiaji halali. Jambo hilo linaweza kusomwa kama faraja, lakini kwa ofisi za zoni lisomwe kama wajibu. Tundu lilikuwa kwenye seva, na kuliziba ilikuwa kazi ya wasimamizi wa seva. Ufunguo wa kulifikia ulikuwa ni akaunti yoyote ya kawaida, hata ya mtu anayeingiza idadi ya chanjo tu, na akaunti za namna hiyo ziko mikononi mwa watumishi wa zoni. Pale ambapo nywila moja inatumiwa na watu watano, imebandikwa ukutani juu ya meza ya kompyuta, au imebaki vile vile tangu mtumishi aliyeipewa alipohamishwa, nusu ya kazi ya mshambuliaji imekwisha kufanyika kabla hajaanza. Ndiyo maana makala hii inashikilia kwamba kiraka kinachowekwa kwenye seva na nidhamu ya akaunti katika ofisi ya zoni ni kazi moja yenye sehemu mbili, na kwamba kuiachia sehemu ya kwanza wataalamu wa mbali huku ya pili ikipuuzwa ni kujilinda nusu nusu.

Suala la muda nalo lina uzito wake. DHIS2 ni programu huria, maana yake msimbo wake unasomwa na yeyote, na hiyo ni fadhila kubwa kwa nchi zisizoweza kununua leseni za bei ghali. Ila siku kiraka kinapotolewa, mtu mwenye nia mbaya naye anaweza kuulinganisha msimbo mpya na wa zamani akaona pale palipokuwa na kosa. Tangu siku hiyo seva ambayo haijarekebishwa iko katika hatari kubwa kuliko ilivyokuwa jana yake. Kampuni ya Equifax ya Marekani ililipa gharama ya kuchelewa mwaka 2017: kiraka cha programu ya wavuti iitwayo Apache Struts kilitolewa mwezi Machi, wavamizi wakapita katika tundu lile lile mwezi Mei, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa kabla uvamizi haujagunduliwa mwishoni mwa Julai. Kampuni hiyo ilikuwa na fedha na wataalamu. Iliponzwa na kutojua kwa hakika ni seva zake zipi zilizokuwa zikitumia programu yenye udhaifu.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuwa na orodha. Seva ya taifa ya SNIS iko chini ya wasimamizi wake, na ofisi ya zoni haiwezi wala haipaswi kuigusa. Lakini hospitali, shirika la misaada au taasisi ya elimu inaweza kuwa na seva yake ndogo, pengine kompyuta moja chini ya meza inayotunza mafaili ya wagonjwa au hesabu za dawa, na seva za aina hii ndizo zinazosahaulika kwa urahisi zaidi. Inafaa kila taasisi iandike katika daftari jina la mfumo, toleo lake, mahali ulipo, jina la mwenye dhamana, na tarehe ya rekebisho la mwisho. Toleo husomwa katika ukurasa wa maelezo ya mfumo, na namba zake zina maana. Kiraka cha CVE-2022-24848 kilitolewa katika matoleo 2.36.10.1 na 2.37.6.1: tarakimu 36 au 37 inataja toleo kuu, inayofuata inataja mfululizo wa marekebisho ya kawaida, na 1 ya mwisho inaonyesha rekebisho la dharura. Seva iliyokuwa na 2.36.10 ilihitaji hatua fupi tu kufika 2.36.10.1, ilhali seva iliyobaki katika toleo kuu la zamani lisilohudumiwa tena ililazimika kwanza kupanda toleo zima, kazi ambayo haifanywi kwa haraka bila madhara. Watengenezaji wa DHIS2 huhudumia matoleo makuu matatu ya karibuni, na taasisi inayojiruhusu kubaki nyuma ya hapo inajiwekea deni litakalodaiwa siku ya hatari.

Programu zilizojificha ndani ya programu nyingine nazo ziingie katika orodha. Desemba 2021 ulitangazwa udhaifu ulioitwa Log4Shell, namba CVE-2021-44228, katika Log4j, kipande cha msimbo cha kuandika kumbukumbu za matukio ambacho kilikuwa ndani ya mifumo isiyohesabika ya lugha ya Java. Kiraka cha kwanza hakikutosha, na matoleo 2.15.0, 2.16.0 na 2.17.0 yalifuatana ndani ya mwezi huo mmoja. DHIS2 yenyewe imeandikwa kwa Java, huendeshwa na Tomcat na huhifadhi data katika PostgreSQL. Kila kimoja kati ya hivyo, pamoja na mfumo endeshi ulio chini yake, kina viraka vyake, na msimamizi anayefuatilia jina la DHIS2 peke yake hajaimaliza orodha.

Kabla ya kugusa chochote, nakala rudufu. Hifadhidata ya PostgreSQL hunakiliwa kwa amri pg_dump, na nakala hiyo iwekwe kwenye chombo kilicho nje ya seva, kikiwa kimefungwa kwa usimbaji fiche, yaani kugeuzwa kwa data kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo, kwa sababu diski ya nje iliyobeba majina ya wagonjwa na kupotea njiani kati ya Kasongo na Kindu, mji mkuu wa jimbo, ni uvujaji wa siri sawa na udukuzi. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa isihesabiwe. Ni lazima irejeshwe kwenye kompyuta nyingine, ifunguliwe, na takwimu chache zilinganishwe: mathalani idadi ya watoto waliopata chanjo ya surua katika zoni ya Kabambare kwa mwezi fulani uliopita isomwe kwenye seva halisi na kwenye nakala, na namba zikitofautiana kazi isimame hapo hapo hadi sababu ipatikane.

Umeme unastahili aya yake. Toleo jipya la DHIS2 linapowashwa kwa mara ya kwanza hubadilisha lenyewe muundo wa hifadhidata pale inapohitajika, na mabadiliko hayo yakikatizwa katikati hifadhidata inaweza kubaki katika hali isiyo ya zamani wala mpya, ambayo dawa yake ni kurejesha nakala rudufu. Vilevile, baada ya kupanda toleo kuu, haiwezekani kurudi nyuma kwa kuweka tu programu ya zamani. Mahali panapotegemea paneli za jua na jenereta, kama ilivyo kwa taasisi nyingi za kusini mwa Maniema, kazi ianze asubuhi ya siku yenye jua, betri zikiwa zimejaa na mafuta ya jenereta yakiwa yamepimwa, na isianzwe jioni kwa matumaini kwamba itakwisha upesi. Intaneti nayo ipangiwe: faili la programu lina mamia ya megabaiti, na ni afadhali lipakuliwe mapema, au lipakuliwe mjini Kindu na kuletwa kwa flashi, kisha alama yake ya uhakiki, ule mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na faili zima, ilinganishwe na ile iliyotangazwa na mtengenezaji. Faili lililokatika njiani au lililochezewa litatoa alama tofauti.

Ikiwa hali ya umeme au mtandao hairuhusu kiraka kuwekwa leo, njia ifungwe kwa muda. Seva nyingi za wavuti hutanguliwa na seva ya lango, ambayo hupokea maombi yote kutoka nje na kuamua yapi yapite. Kwa udhaifu wa CVE-2022-24848 watengenezaji walieleza kwamba kinga inaweza kuwekwa katika ngazi hiyo: msimamizi anaweza kukataa maombi yote yanayoelekea /api/programs/orgUnits, au kuyaruhusu yale tu ambayo baada ya alama ya usawa yana herufi na tarakimu peke yake, kwa kuwa kitambulisho halali hakina alama ya nukuu, nafasi wala mabano. Zuio hilo liandikwe katika daftari pamoja na tarehe yake, kwa maana zuio la muda lililosahaulika huwa chanzo cha hitilafu ambazo mwaka ujao hakuna atakayezielewa.

Kiraka chenyewe kijaribiwe kwanza kwenye ile kompyuta iliyorejeshewa nakala. Anayejaribu asiridhike na kuona ukurasa wa kuingia. Aingie kwa akaunti ya kawaida, ajaze fomu ya majaribio, afungue ripoti, achore ramani, kisha atazame kama fomu maalumu za nchi bado zinahesabu jumla zake vizuri. Siku ya kazi halisi ichaguliwe nje ya siku za mwanzo wa mwezi, ambapo ripoti za vituo huingizwa, isipokuwa tundu likiwa tayari linatumiwa na wavamizi, maana hapo kungoja ni kosa zito kuliko kuchelewesha ripoti.

Watumiaji wa zoni wapewe taarifa mapema, na taarifa hiyo iwe na mambo mahususi. Wanaotumia DHIS2 kwenye simu watume kwanza data zote zilizobaki ndani ya simu, na toleo la programu yao ya simu lihakikiwe kuwa linaelewana na toleo jipya la seva. Wanaotumia kivinjari wajue kwamba baada ya rekebisho huenda kurasa za zamani zikaendelea kuonekana kwa kuwa kivinjari kimezihifadhi, na kwamba dawa yake ni kufuta hifadhi hiyo. Lakini fomu zilizojazwa wakati intaneti imekatika hukaa katika hifadhi ya kivinjari hicho hicho, na mtu anayeifuta kabla ya kuzituma amefuta kazi yake ya juma zima. Wajue pia kwamba mtumiaji wa kawaida haletewi kiraka cha DHIS2 hata siku moja. Ujumbe wa WhatsApp au barua pepe unaomtaka afungue faili ili kulinda akaunti yake, au aandike nywila yake mahali fulani kwa sababu ya matengenezo, ni utapeli, hata kama umetoka kwenye namba ya mtu anayemfahamu.

Sehemu ya pili ya kazi, ile ya akaunti, haihitaji fedha wala intaneti ya kasi. Kila mtu awe na akaunti yake, yenye haki zinazolingana na kazi yake na si zaidi. Akaunti ya anayehamishwa kutoka Kunda kwenda Lusangi ibadilishiwe eneo siku ya kuhama, na ya anayeacha kazi ifungwe siku hiyo hiyo, jambo ambalo ni rahisi likiunganishwa na fomu ya makabidhiano ambayo ofisi tayari zinaitumia kwa pikipiki na funguo. Akaunti ya kuanzia ya DHIS2, ambayo jina na nywila yake vimeandikwa katika miongozo iliyo wazi kwa dunia nzima, ifungwe kabisa kwenye seva yoyote iliyo mtandaoni. Wenye madaraka makubwa watumie uthibitisho wa hatua mbili, ambapo baada ya nywila huombwa tarakimu zinazobadilika kila baada ya nusu dakika kwenye simu. Tarakimu hizo hukokotolewa na simu yenyewe kwa kutegemea saa yake, kwa hiyo hupatikana hata pasipo mtandao, mradi saa ya simu iwe sahihi.

Kiraka kikishawekwa, bado kuna swali la kama mtu alipita kabla ya tundu kuzibwa. Kumbukumbu za seva, yaani orodha ya kila ombi lililopokelewa na saa yake, zipekuliwe tangu siku za nyuma kadiri zilivyohifadhiwa, na maombi yenye anwani ya udhaifu yatazamwe moja moja: yaliyobeba alama za nukuu au maneno ya SQL yanahitaji maelezo. Orodha ya watumiaji nayo ipitiwe ili kuona akaunti mpya ambazo hakuna aliyeziomba, na hasa zile zilizopewa mamlaka yote, ambayo katika DHIS2 huandikwa ALL. Dalili zikionekana, seva itengwe na mtandao bila kufutwa, kumbukumbu zake zinakiliwe kama zilivyo, nywila zote zibadilishwe, na habari ifikishwe kwa Divisheni ya Afya ya jimbo mjini Kindu na kwa wasimamizi wa mfumo. Sheria ya Kongo inalijua jambo hili, kwani Kanuni ya Kidijitali iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu ya ulinzi wa data binafsi na ya makosa ya kimtandao.

Takwimu za jumla zikivurugwa, madhara yake ni makubwa lakini yanarekebishika kwa kurejea daftari za vituo, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuendelea kuzitunza daftari hizo mahali pakavu. Mafaili ya mtu mmoja mmoja hayana marekebisho ya namna hiyo. Mwanamke wa Saramabila, eneo la machimbo ya dhahabu ambalo limepitia miaka ya vurugu za watu wenye silaha, aliyetibiwa baada ya kubakwa, au mgonjwa anayetumia dawa za UKIMWI katika mji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, hawezi kurudishiwa siri yake ikishatoka. Inapothibitika kwamba mafaili ya aina hiyo yamesomwa na mvamizi, wahusika wana haki ya kuambiwa, na namna ya kuwaambia ipangwe na mganga mkuu wa zoni pamoja na muuguzi ambaye mgonjwa amemzoea, ana kwa ana na faraghani, siku ya kliniki yao ya kawaida, bila barua kutumwa nyumbani na bila ujumbe wa simu ambao mtu mwingine anaweza kuusoma.